Kipimo cha Damu kwa Aliyeumia Kichwa: Swali Letu Si Lile la Marekani

Alikuja amekaa wima kwenye bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na kaka yake. Ilikuwa yapata saa tano usiku, katika hospitali moja ya wilaya nilikokuwa tabibu wa zamu. Kijana wa miaka ishirini na kitu, suruali imechanika magotini, juu ya sikio la kushoto ana uvimbe wa ukubwa wa ndimu, na anatoa harufu ya pombe. Nilimuuliza jina, akalitaja. Nilimuuliza yuko wapi, akasema hospitali, kisha akaomba maji. Kaka yake alikuwa na PF3, fomu ya polisi ya kuombea matibabu, mkononi, maana walipitia polisi kwanza. Karatasi imekunjwa mara nne na imelowa jasho. "Dokta, mshone tu hapo turudi nyumbani. Huyu kachoka, kesho atakuwa sawa."

Nilimshona, lakini sikumruhusu kuondoka. Nilimlaza wodi ya wanaume na kuagiza aangaliwe kila baada ya saa moja. Usiku ule wodi ilikuwa na nesi mmoja na wagonjwa zaidi ya thelathini. Saa tisa usiku nesi akaniita. Mboni ya jicho la kushoto ilikuwa imepanuka, na nilipoimulika kwa tochi haikusinyaa. CT scan ya karibu, mashine inayopiga picha ya ndani ya fuvu, ilikuwa mwendo wa saa nne kwa barabara. Tulimpakia kwenye gari. Hakufika.

Wapasuaji wa ubongo wanalijua vizuri tukio la namna hii: mgonjwa anaongea, kisha anakufa. Mshipa unapasuka chini ya fuvu, damu inajikusanya taratibu juu ya utando wa ubongo, na kwa muda ubongo unavumilia. Nafasi ikiisha, unakandamizwa kuelekea chini, na pumzi inakatika. Uchungu wake ni kwamba ubongo wenyewe mara nyingi haujaharibika sana. Fuvu likitobolewa mapema na damu ile ikatolewa, mtu huyu ana nafasi nzuri ya kurudi kwao akitembea kwa miguu yake.

Ndiyo maana Februari 2018 niliposoma kwamba FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imeruhusu kipimo cha kwanza cha damu kwa watu wanaoshukiwa kuumia ubongo, nilimkumbuka kijana yule hapo hapo. Nimekifuatilia kipimo hicho tangu siku ile. Naamini nchi zetu zinakihitaji kuliko hata nchi zilikotengenezwa mashine zake. Naamini pia kwamba tukikichukua pamoja na maelekezo yake kama yalivyo, kitatumalizia fedha na kuwachosha watu wetu, kwa sababu kilitengenezwa kujibu swali lisilo letu.

Tuanze na kinachopimwa. Ubongo una protini ambazo kwa kawaida hazina kazi yoyote katika damu. Moja inaitwa GFAP. Hii imo ndani ya astrosaiti, zile seli zenye umbo la nyota zinazozihudumia neva, na humo inafanya kazi kama fito katika nyumba ya udongo: inashikilia seli isibomoke. Nyingine ni UCH-L1, iliyojaa ndani ya seli za neva zenyewe, na kazi yake ni kushughulikia protini zilizochakaa. Kichwa kikigongwa au kutikiswa kwa nguvu, seli zinapasuka, kuta za mishipa zinalegea, na protini hizi zinavuja hadi kwenye mzunguko wa damu. Kiasi chenyewe ni kidogo mno, kinahesabiwa kwa pikogramu, na pikogramu moja ni gramu iliyogawanywa mara trilioni moja. Bila mashine zenye uwezo wa kuona kiasi kama hicho, habari ilikuwemo damuni na hakuna aliyeweza kuisoma.

Kila moja ina saa yake. Kazi kubwa iliyofanywa Florida na kuchapishwa mwaka 2016 iliwachukua majeruhi damu mara kwa mara kwa siku kadhaa, na ikaonyesha kwamba UCH-L1 hupanda haraka, hufika kilele karibu na saa ya 8 tangu kuumia, kisha hushuka ndani ya siku mbili. GFAP huanza kuonekana ndani ya saa ya kwanza, hufika kilele kama saa ya 20, na huendelea kuonekana kwa siku kadhaa. Naomba msomaji azishike saa hizi, nitazirudia.

Kipimo cha mwaka 2018 kilihitaji maabara kamili na saa kadhaa za kusubiri. Januari 2021 kikaja cha kampuni ya Abbott kinachosomwa na mashine ya kushika mkononi, lakini damu ilibidi kwanza izungushwe ili plasma itenganishwe. Aprili 2024 FDA ikaruhusu kile kinachotumia damu nzima moja kwa moja kutoka mshipani: matone machache kwenye katriji, majibu kwa dakika 15, mgonjwa akiwa bado kitandani, ilimradi hazijapita saa 24 tangu aumie. Mtu aliyewahi kuona kipimo cha haraka cha malaria kikiingia zahanati ya kijijini atanielewa nikisema kwamba hatua hii ni kubwa.

Fedha nyingi za safari hiyo zilitoka jeshi la Marekani, na tukio moja la baadaye linaonyesha sababu yake. Tarehe 8 Januari 2020 makombora ya Iran yalipiga kambi ya Al Asad nchini Iraq, walikokuwa wanajeshi wa Marekani. Taarifa za mwanzo zilisema hakuna aliyedhurika. Mwezi uliofuata, wanajeshi waliokutwa na jeraha la ubongo walikuwa wamepita 100. Hawakuwa na damu inayochuruzika wala mfupa uliovunjika. Mshindo ulipita kwenye vichwa vyao, wakasimama, wakaendelea na kazi, na ubongo ukawa umeumia.

Sasa tufike kwenye hesabu, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Utafiti uliokifungulia mlango kipimo hiki, ALERT-TBI, uliwapima watu 1,959 walioumia kichwa Marekani na Ulaya, wengi wao wakiwa na fahamu karibu kamili. Wote walipigwa CT scan, na wote walitolewa damu. CT ilionyesha jeraha ndani ya fuvu kwa watu 125. Kipimo cha damu kilisema "hapana" kwa watu 671, na kati yao ni 3 tu ambao CT iliwapinga. Hilo ni jibu la kuaminika sana: damu ikisema hapana, mwache mtu wako, usimpitishe kwenye mionzi bure.

Lakini kipimo kilisema "ndiyo" kwa watu 1,288. Waliokuwa na jeraha kweli kwenye CT walikuwa 122. Hesabu mwenyewe: katika kila watu kumi walioambiwa ndiyo, hata mmoja hakutimia. Watu 1,166 waliambiwa ndiyo na picha ikasema hakuna kitu.

Kwa hospitali ya mji mkubwa wa Marekani hilo halina shida. Wale 1,288 wangepigwa picha hata bila kipimo, maana CT ipo mwisho wa korido. Kilichopatikana ni kuwapunguza wale 671. Swali la daktari wa kule ni "nani nimwache asipige CT?", na kwa swali hilo kipimo kinastahili sifa zote kilizopewa.

Peleka maelekezo hayo hayo kwenye ile hospitali ya wilaya. Chukua watu 100 walioumia kichwa, wanaoongea, wanaoomba maji. Kwa uwiano ule ule, 66 watatoka na "ndiyo", na kati yao sita hivi ndio wenye jeraha linaloonekana. Wote 66 wapelekwe mkoani? Kwa gari lipi? Gari la wagonjwa ni moja, na usiku huo huo linasubiriwa na mama mwenye uzazi pingamizi. Mafuta mara nyingi yanachangwa na ndugu, wanaouza mbuzi au kukopa kwa jirani. Baada ya safari ishirini za kwenda na kurudi na karatasi iliyoandikwa "hakuna tatizo", ndugu watakataa, dereva atanung'unika, na tabibu atakitia kipimo kabatini. Safari ya ishirini na moja ndiyo itakayokuwa ya kijana wangu.

Hofu hii siitoi hewani. Tumewahi kupita njia ya namna hiyo na malaria. Utafiti uliofanyika kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao kipimo kilisema hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria vilevile. Majibu yalikuwa mezani, na mkono ukaandika ulichozoea kuandika. Kipimo kikigongana na uzoefu wa mtoa huduma, uzoefu hushinda, hadi pale mtoa huduma atakapokiona kipimo kikimsaidia katika uamuzi anaoufanya kila siku.

Na uamuzi wetu wa kila siku ni huu: nani lazima aondoke usiku huu? Hilo ni swali jingine kabisa. Linahitaji kipimo kilekile kisomwe kwa namna nyingine. Mashine inatoa kiasi, inatoa namba, na namba hiyo ina maana. GFAP inavyokuwa juu zaidi ndivyo uwezekano wa damu ndani ya fuvu unavyoongezeka; tafiti kubwa za Ulaya na Marekani, CENTER-TBI na TRACK-TBI, zimelionyesha hilo, na GFAP ndiyo iliyofanya vizuri kuliko wenzake. Kwa nini basi tusiwe na mistari miwili ya kuigawa namba hiyo, badala ya mmoja wa ndiyo na hapana? Chini ya mstari wa kwanza, mgonjwa anapumzika na anaweza kwenda nyumbani na ndugu walioelekezwa vizuri. Juu ya mstari wa pili, gari linawashwa sasa hivi, hakuna kusubiri kuche. Walio katikati wanabaki wodini, wanaangaliwa mboni na fahamu, na damu inapimwa tena baada ya saa kadhaa tuone inapanda au inashuka. Mstari huo wa pili uwekwe wapi, hakuna atakayetuambia kutoka Chicago. Ni lazima tuupime wenyewe, kwa damu ya watu wetu.

Nasisitiza damu ya watu wetu kwa sababu maalumu. Kabla ya hizi mbili, nchi za Skandinavia zilikuwa zikitumia protini nyingine, S100B. Mwongozo wao wa mwaka 2013 unasema kwamba mtu mwenye jeraha dogo la kichwa, akipimwa ndani ya saa 6 na kukutwa chini ya maikrogramu 0.10 kwa lita, anaweza kuruhusiwa bila CT. Umewasaidia. Ila S100B haitoki kwenye ubongo peke yake. Inatoka pia kwenye mafuta ya mwili na kwenye seli zinazoipa ngozi rangi yake. Walipopimwa watu wenye afya, ambao hawajaumia popote, wenye ngozi nyeusi walikutwa na kiwango cha juu kuliko Wazungu. Mstari uliochorwa Stockholm ungewaita wagonjwa watu wengi wazima wa Singida. Sisemi GFAP ina kasoro hiyo hiyo. Nasema tumeshaonyeshwa mara moja kwamba mstari wa wengine hauvaliwi tu kama shati la mtumba.

Halafu kuna mambo ambayo maabara za kule hayazisumbui sana. Malaria, kwa mfano. Watafiti waliopima damu za watoto wenye malaria kali nchini Uganda walikuta protini nyingine ya ubongo, tau, ikiwa imepanda, na waliokuwa na kiwango cha juu ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa au kubaki na matatizo ya akili na kujifunza. Kumbe protini za ubongo zinasema ubongo umeumia, hazisemi umeumizwa na nini. Mtoto akianguka mwembeni akiwa tayari ana homa ya siku tatu, namba yake tutaisomaje? Mzee akikutwa chini chooni, uso una michubuko, GFAP iko juu: alianguka ndipo damu ikavuja, au mshipa ulipasuka kichwani ndipo akaanguka? Kiharusi cha kuvuja damu hupandisha GFAP vilevile, na hata umri peke yake huipandisha kidogo.

Watoto wananiuma zaidi. Ruhusa ya FDA ni kwa wenye miaka 18 na kuendelea. Karibu nusu ya Watanzania hawajafika umri huo. Wao ndio wanaopanda miembe, wanaobebwa watatu kwenye bodaboda kwenda shule bila kofia, wanaogongwa wakivuka barabara kuu. Tena mtoto ndiye ambaye mionzi ya CT inatakiwa imguse kwa nadra kuliko wote. Kipimo kingemfaa kuliko baba yake, na yeye ndiye hajaandaliwa mstari.

Lipo na suala la muda. Kikomo cha saa 24 kinaonekana kikubwa ukiwa mjini. Mchumaji karafuu aliyeteleza mtini Pemba, au mchungaji aliyepigwa rungu mbali na barabara, huenda akapitia kwa mganga wa jadi, akalala nyumbani, akaja kesho yake jioni kwa sababu kichwa kimekataa kutulia. Wagonjwa wa namna hiyo tunao wengi.

Nisieleweke vibaya nikadhaniwa nakipunguza kipimo hiki thamani. Kuna upande wake mmoja ambao kwa maoni yangu ni mkubwa kuliko hata kuokoa safari za CT, nao hauzungumzwi vya kutosha. Mwaka 2019 watafiti wa TRACK-TBI walichapisha habari za watu walioumia kichwa ambao CT yao ilikuwa safi kabisa. Walipopigwa MRI, picha inayoona ubongo kwa undani zaidi, waliokuwa na GFAP ya juu ndio hasa waliokutwa na majeraha ambayo CT haikuyaona. Yaani damu ilikuwa imesema kweli, na picha ndiyo iliyonyamaza. Baadhi ya wale 1,166 niliowataja juu huenda si majibu ya uongo hata kidogo. Kwa sehemu kwa ajili ya ushahidi wa namna hii, mwaka 2025 kundi kubwa la wataalamu lilipendekeza tuache kuyagawa majeraha ya ubongo kwa maneno dogo, la kati na kubwa tu, na tuweke pamoja hali ya mgonjwa, damu yake, picha yake na mazingira yake.

Kila mtaa unamfahamu mtu huyu. Alianguka na pikipiki, akashonwa, akaruhusiwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo kichwa kinamgonga, mwanga unamuumiza, anasahau alipoacha funguo, anafoka kwa jambo dogo. Mkewe anasema tangu ile ajali huyu si mume wangu niliyemjua. Tajiri mwenye pikipiki anasema kijana amekuwa mvivu. Wapo watakaosema karogwa. Mtu huyu hajawahi kupewa karatasi inayosema umeumia kweli. Namba ya GFAP iliyochukuliwa siku ya ajali ingekuwa ushahidi kwa daktari wa kliniki, kwa mwajiri, kwa kampuni ya bima inayotaka kumlipa gharama za nyuzi peke yake.

Nini kifanyike? Kwanza mashine isiishie Dar es Salaam. Hospitali yenye CT na mpasuaji wa ubongo ndiyo yenye haja ndogo zaidi ya kipimo hiki. Mahali pake ni pale ambapo CT haipo. Miaka ya karibuni Serikali imepeleka CT scan kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na hilo limefupisha safari kwa kiasi ambacho zamani zangu hatukukiota. Sasa tabibu wa wilaya akijua nani wa kumpeleka, kuna mahali pa kumpeleka. Pili, utafiti wa mistari yetu ufanyike na wenye uzoefu. Hospitali ya KCMC, Moshi, wana rejesta ya wagonjwa walioumia ubongo waliyoijenga kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani; kazi hii ingeanzia mahali kama hapo, kwa kumpima damu kila anayepigwa CT, watoto wakiwemo, kila mmoja akipimwa malaria, na saa ya kuumia ikiandikwa. Bei nayo ijadiliwe kwa pamoja, nchi za Afrika Mashariki zikikaa upande mmoja wa meza, na ipimwe kwa gharama ya rufaa zilizookolewa na za wale waliowahishwa. Katriji zinataka jokofu, na mashine ina ukomo wa joto inalolivumilia. Anayeuza aseme mapema itakuwaje umeme ukikatika Tunduru mwezi wa Novemba.

Na wodi ipate nesi wa pili wa usiku. Katriji haitamulika mboni saa nane usiku.

Nilipokuwa najaza jalada la kijana yule asubuhi yake, niligundua kwamba sikuwa nimeuliza aliumia saa ngapi. Niliandika saa aliyofika tu. Kaka yake alikuwa nje, amekaa kwenye ngazi, bado ana ile PF3. Nilimfuata, nikakaa karibu naye, nikamuuliza. Alifikiri kidogo, kisha akasema walikuwa wanaadhini Magharibi. Baada ya hapo walimnawisha, wakatafuta usafiri, wakaenda polisi kungoja karatasi, ndipo wakaja kwangu.

Magharibi hadi saa tano ni zaidi ya saa nne. GFAP ilikuwa imeshaingia damuni, na UCH-L1 ilikuwa njiani kuelekea kilele chake. Na kutoka saa tano aliponitajia jina lake hadi saa tisa nilipommulika jicho, ni saa nne nyingine, sawasawa na safari ya kwenda kwenye CT.